Uniti Moja Juu ya Paa

Gari la kambi likizimwa injini mahali pasipo na nguzo ya umeme, hubaki na kile kilichomo kwenye betri yake, basi. Paneli za sola zilizofungwa juu ya paa hurudisha mchana kile kilichotumika usiku. Mfumo mzima ni huo. Kinachoutofautisha uliofungwa vizuri na uliofungwa ovyo ni hesabu: umeme kiasi gani unatoka, kiasi gani unaingia, na kiasi gani unapotelea njiani. Msomaji aliyezoea kununua LUKU Tanzania au tokeni Kenya anakijua tayari kipimo chake. Uniti moja, yaani wati-saa 1000, ndiyo takriban inayotosha gari la watu wawili au watatu kwa siku nzima. Nyumbani, pasi ya wati 1000 huimaliza uniti hiyo kwa saa moja ya kuwaka mfululizo, wala hakuna anayeshtuka. Porini Serengeti au Ruaha, uniti hiyohiyo huvunwa juani tangu asubuhi hadi jioni, na alfajiri ndipo hujulikana kama imetosha.

Uniti moja si kitu cha kubezwa. Nguvu iliyomo ingeweza kulinyanyua gari la tani 3 hadi urefu wa mita 120 hivi. Lakini lita moja ya dizeli ina joto la uniti 10 hivi, na dereva huimwaga tangini bila kuwaza mara mbili. Injini imewazoesha watu utajiri ambao hawauoni kuwa ni utajiri. Sola huleta mizani nyingine, ambayo kila kifaa huulizwa kinakula nini kabla ya kupewa nafasi ndani ya gari.

Edmond Becquerel wa Ufaransa aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, wa maabara za Bell nchini Marekani, kuonyesha mwaka 1954 seli ya silikoni iliyogeuza kama asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli nyingi za leo hufikia asilimia 20 na zaidi kidogo. Setilaiti ya kwanza kubeba seli hizo, Vanguard 1, ilirushwa Machi 1958 ikiwa na redio mbili. Ile ya betri ya kawaida ilinyamaza baada ya miezi michache. Ile ya seli za jua iliendelea kusikika hadi mwaka 1964.

Afrika Mashariki sola ilipitia mlango wa betri ya gari. Vijijini, betri ya volti 12 ilikuwa imekwisha kuingia sebuleni kuendesha redio na televisheni, na ikiisha ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa. Mwaka 1984 Harold Burris na Mark Hankins walifunga taa za sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, Meru, na katika miaka iliyofuata mafundi wa upande huo wa Mlima Kenya wakawa wanafunga paneli majumbani ili betri isilazimike tena kusafiri. Volti 12 za sola ya nyumbani zilirithiwa kutoka kwenye gari. Fundi anayefunga paneli juu ya Land Cruiser leo anazirudisha zilikotoka.

Kazi huanzia kwenye karatasi, kabla ya spana kushikwa. Kila kifaa huandikwa wati zake na saa zake za kuwaka. Friji ndogo ya kompresa, ya lita 40 hivi, hula wati 45 inapozunguka; kwenye joto la mchana wa Manyara inaweza kuzunguka jumla ya saa 10 kati ya 24, nayo ni wati-saa 450. Taa mbili za LED za wati 5, kwa saa 4 za jioni, ni 40. Simu mbili ni 40 nyingine, kompyuta mpakato 60, na feni ya wati 10 inayowaka usiku kucha ni 80. Pampu ya maji ya wati 60 hufanya kazi dakika 10 tu kwa siku, nayo huchukua 10. Jumla ni wati-saa 680. Ikiongezwa sehemu inayopotea kwenye waya na ndani ya betri, siku hufungwa kwenye 800 hivi. Friji peke yake imechukua zaidi ya nusu, na hilo ndilo funzo la kwanza la karatasi hiyo: anayetaka kupunguza matumizi hana haja ya kukaa gizani. Inampasa kuiweka friji mbali na jua, kuiachia hewa nyuma yake, na kutoifungua mara kwa mara.

Vifaa vya kuchemsha na kupasha moto vina tabia yake. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai hakuhitaji hata sehemu ya kumi ya uniti, hivyo kwa hesabu ya siku birika la umeme lisingekuwa na kosa. Tatizo ni kasi. Birika la wati 2000 huvuta kwenye betri ya volti 12 ampea zaidi ya 160, mkondo unaohitaji waya mnene kama wa stata na inveta kubwa kuliko mahitaji mengine yote ya gari. Ndiyo sababu karibu kila gari la kambi lina sola kwa ajili ya friji na mwanga, na mtungi mdogo wa gesi kwa ajili ya chai. Kuna mambo mawili hapa, wingi na kasi, na anayehesabu moja akaliacha jingine hukosea upande wowote atakaoegemea.

Baada ya matumizi hufuata betri, kwa sababu usiku ndio unaoamua ukubwa wake. Betri ya risasi na asidi, iwe ya maji au kavu, yenye ampea-saa 100 kwa volti 12, imeandikwa wati-saa 1200, lakini haipendi kushushwa chini ya nusu. Ili kupata uniti moja ya kutumia huhitajika betri mbili kama hizo, karibu kilo 60 za mzigo. Ikiachwa siku nyingi bila kujaa, sahani zake huganda salfeti na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Tena sehemu yake ya mwisho hujaa polepole: hata jua likiwa kali, asilimia 20 za mwisho huchukua saa kadhaa. Betri ya maji hutoa pia gesi ya haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo haiwekwi mahali watu wanapolala pasipo na tundu la kutoa hewa nje. Na betri ya kuwashia injini haifai kwa kazi hii, kwani imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja.

Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, yenye ukubwa uleule wa ampea-saa 100, hutoa uniti hiyo moja ikiwa peke yake na uzito wa kilo 12 hivi, na huvumilia kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa pale ambapo ya risasi huhesabiwa kwa mamia. Bei yake ni kubwa, na haipaswi kuchajiwa ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi 0, jambo linalowahusu zaidi wasafiri wa Ulaya kuliko wa Dodoma. Ugumu wake mwingine ni kwamba haionyeshi njaa yake. Betri ya risasi iliyotulia husema ukweli kwa volti: 12.7 imejaa, 12.2 imefika karibu nusu. Lithiamu hukaa kwenye volti 13 na kitu kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha huporomoka ghafla. Anayeitumia huhitaji kipimo kinachohesabu kila ampea inayoingia na inayotoka. Akitegemea volti pekee, atagutuka friji imezima na nyama imeanza kunuka.

Paneli huja ya tatu, ingawa ndiyo inayoonekana. Wati zilizoandikwa mgongoni mwake zimepimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la gari adhuhuri, seli hufika nyuzi 60 au zaidi, na kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza nguvu yake kwa kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.4. Jua kali, ambalo wengi hudhani ndilo rafiki mkubwa wa sola, huipa mwanga kwa mkono mmoja na kuipunguzia volti kwa mwingine. Vumbi, waya na pembe ya jua huchukua fungu lao. Kwa hesabu ya tahadhari, robo tatu ya kilichoandikwa au pungufu kidogo ndiyo itakayofika kwenye betri.

Kwa upande wa mwanga wenyewe, Tanzania hupokea kati ya uniti 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kutegemea mahali na msimu. Ukichukua 5 kama kiwango cha kawaida, paneli za wati 300 zitatoa wati-saa 1500 kwenye karatasi na kama 1050 kwenye betri: uniti moja na chenji. Paneli tatu za wati 100, zenye jumla ya mita ya mraba moja na nusu na ushei, hutosha.

Ukaribu na Ikweta huondoa pia tatizo la mwinamo. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena Oktoba, na miezi mingine halikengeuki sana. Paneli iliyolala bapa juu ya paa hupoteza kidogo tu. Ujerumani mwezi Desemba, paneli iliyolala vivyo hivyo hupata kwa siku nzima chini ya ile inayopatikana Dodoma kwa saa moja ya adhuhuri, na wasafiri wa huko hulazimika kuinyanyua, kuigeuza, au kutafuta umeme wa kulipia. Huku kazi kubwa hufanyika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na paneli haiguswi.

Ufungaji juu ya paa una maadui watatu: upepo, mtikisiko na joto. Gari lenye keria hurahisisha mambo, kwani reli za alumini hufungwa kwenye keria kwa bolti na bati la paa halitobolewi. Hiace isiyo na keria hubandikwa mabano kwa gundi ya poliurethani, baada ya rangi kusafishwa vizuri na kukauka. Chini ya paneli huachwa nafasi ya sentimita 2 au 3 ili hewa ipite na kupunguza joto. Paneli laini zinazopindika, zinazobandikwa moja kwa moja juu ya bati, ni nyepesi na hazishiki upepo, lakini hukosa nafasi hiyo, huchemka zaidi na huzeeka mapema.

Mtikisiko ndio mjaribu mkuu. Barabara ya changarawe ya Serengeti, kutoka geti la Naabi Hill kwenda Seronera, ina mikunjo midogo iliyopangana kama ubao wa kufulia, na saa moja juu yake hulegeza kile ambacho mwaka mzima wa lami usingekigusa. Hutumiwa nati zenye nailoni ndani, na fundi makini huchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye bano. Asubuhi inayofuata, mtu hahitaji spana kukagua. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka.

Waya ndio sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na ndiko uniti huvuja kimyakimya. Paneli ya wati 100 hutoa volti 18 na ampea 5.5 hivi. Paneli tatu zikiungwa sambamba, volti hubaki 18 na mkondo hupanda hadi ampea 16.5. Zikiungwa kwa mfululizo, volti hufika 54 na mkondo hubaki 5.5. Nguvu ni ileile, ila joto linalopotea kwenye waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo mara tatu, hasara mara tisa. Kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 4, wenye mita 6 za kwenda na 6 za kurudi, muungano wa sambamba hupoteza wati 14 hivi na ule wa mfululizo chini ya 2. Kwa upande wa pili, mfululizo huathirika zaidi na kivuli kinachoangukia paneli moja. Gari linaloegeshwa uwandani hupendelea mfululizo. Linaloegeshwa chini ya miti hupendelea sambamba na waya mnene.

Kati ya paneli na betri hukaa kontrola. Ile ya bei ndogo, aina ya PWM, huilazimisha paneli kufuata volti za betri: ampea 5.5 kwa volti 13 ni wati 72 tu kutoka kwenye paneli ya 100. Ile ya MPPT hutafuta pale paneli inapotoa nguvu nyingi zaidi, kisha hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Tofauti hupungua paneli ikichemka, kwa sababu volti zenyewe zimeshuka, lakini mara nyingi hubaki ya kutosha kuilipia kontrola hiyo, na kwa paneli za mfululizo haina mbadala. Kontrola huwekwa karibu na betri, mahali penye hewa, na huambiwa aina ya betri inayoichaji, kwa kuwa volti zinazofaa kwa risasi si zote zinazofaa kwa lithiamu. Betri huunganishwa kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutolewa.

Fyuzi huwekwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri. Kazi yake ni kuulinda waya, wala si kifaa kilicho mwishoni. Betri ikipigwa shoti humwaga mamia ya ampea, na kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Waya unaopita kwenye tundu la bati huvishwa mpira, la sivyo mtikisiko utaukata ganda polepole. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, viungo vyote hupapaswa kwa mkono. Kiungo chenye joto kuliko waya wake kimelegea au kimebanwa vibaya.

Inveta, inayotoa umeme wa volti 230, ndiyo mgeni anayekula hata asipofanya kazi. Nyingi huvuta wati 10 hivi zikiwa zimewashwa tu. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, robo ya uniti, na hakuna kilichopikwa wala kilichochajiwa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Simu, taa, friji na feni vyote hupatikana vya volti 12; inveta huwashwa kwa kazi maalumu na kuzimwa.

Jua lenyewe halipaswi kuachwa peke yake. Wakati wa masika, au asubuhi za ukungu kwenye ukingo wa Ngorongoro, mawingu mazito yanaweza kushusha mavuno hadi sehemu ndogo ya kawaida. Gari linalotembea kila siku lina mzalishaji mwingine, oltaneta. Chaja ya kati, inayopokea umeme wa injini na kuupeleka kwenye betri ya kambi kwa ampea 25, hurudisha theluthi ya uniti kwa saa moja ya safari. Chaja hiyo ni ya lazima kwa lithiamu, ambayo ikiunganishwa moja kwa moja huweza kuvuta mkondo mkubwa hadi oltaneta ikaungua.

Baki la hesabu huamuliwa na mahali pa kuegesha. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, hivyo tawi moja la mgunga, au kivuli cha antena, likifunika seli moja huweza kuzima nusu ya paneli nzima. Lakini mgunga huohuo ndio unaolipoza gari, na friji iliyopoa hula kidogo. Mwenye gari huchagua kati ya kuvuna zaidi na kutumia pungufu. Wengine hubeba paneli ya kukunja yenye waya mrefu: gari kivulini, paneli juani. Njia hiyo huwafaa pia wenye hema la juu ya paa, ambalo halikuacha nafasi. Gharama yake ni uangalizi, maana nyani hawaheshimu vifaa, na usiku fisi hutafuna kilichosahauliwa nje.

Mtu anayeishi na mfumo huu kwa wiki chache hubadilika ratiba bila kuamriwa. Kompyuta huchajiwa adhuhuri, betri ikiwa imekaribia kujaa na jua lina ziada, na vinywaji vya moto huingizwa frijini mchana badala ya jioni. Kuhusu uhuru ambao sola husifiwa kuuleta, ukweli ni wa wastani zaidi: gari limeacha kutegemea nguzo, likaanza kutegemea hali ya hewa na tabia za waliomo ndani. Tofauti ni kwamba utegemezi huu unaonekana, una namba, na unaweza kurekebishwa jioni ileile. Hesabu isipofunga, dawa ya kwanza ni kupunguza matumizi, ya pili ni kutafuta panapovuja, na paneli ya ziada ni ya mwisho.

Matunzo si mengi. Kioo hufutwa vumbi kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kikiwa bado baridi. Betri za maji huongezwa maji yaliyotoneshwa. Vichwa vya betri husafishwa ukungu wa asidi, na bolti hukaguliwa baada ya kila safari mbovu.

Vipengele hivi havizeeki pamoja. Paneli ya fremu hutarajiwa kutoa sehemu kubwa ya nguvu yake hata baada ya miaka 25. Betri ya risasi huenda isimalize mitano. Betri iliyokufa haitupwi wala kuuzwa kwa yeyote anayepita na toroli. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi kabla ya kufungwa mwaka 2014, na Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Betri hurudishwa kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Paneli, kwa kuwa itaishi kuliko betri kadhaa na pengine kuliko gari lenyewe, hufungwa tangu mwanzo kwa namna inayofunguka: bolti pale bolti inapowezekana, gundi pale tu isipowezekana, na waya uliowekewa alama pande zote mbili, ili fundi wa gari litakalofuata aweze kuihamisha bila kubahatisha.